Mvule wa bustani ya mji: usiutetee kwa umri wake

*Swali: Naandika kutoka mji mdogo kati ya Mbale na Soroti. Katika bustani yetu ya mji kuna mvule mkubwa sana, na wazee wanasema ulipandwa na Kakungulu, yule jemadari wa zamani. Sasa kuna mpango wa kuipamba bustani: pevingi (yale matofali ya kupanga chini) hadi kwenye shina, benchi la zege la kuuzunguka mti, na stendi ya boda upande mmoja. Wengine wanasema bora ukatwe kabisa, umezeeka, siku moja utaangukia watu. Mimi nimo kwenye kamati ya vijana na nimepewa wiki mbili niandike kwa nini mti huu ni urithi. Umri wake nitaujuaje? Sheria inaulinda? Na hizo pevingi, tukubali?*

Ndugu yangu, nianze na la mwisho ili ulale vizuri: pevingi msikubali. Sababu nitakueleza huko chini. Mti huo ni urithi, hilo halina ubishi. Ninachohofia ni kwamba umeshika fimbo isiyofaa. Ukisimama kwenye kikao useme "mti huu una miaka mia mbili," mtu wa kwanza kuuliza "umejuaje?" atakuwa amekumaliza, na kila utakachosema baada ya hapo kitasikika kama hadithi.

Umri wa mvule wa kwetu haujulikani kirahisi. Kwenye nchi za baridi mti hulala majira ya baridi na kuacha pete moja ndani ya shina kila mwaka, kwa hiyo mtu huhesabu tu. Kwetu mvua huja misimu miwili. Kuna mwaka kiangazi cha katikati kinakuwa kikali, kuna mwaka hakionekani. Pete zinaweza kuja mbili, moja, au zisieleweke. Tena ili uzihesabu lazima utoboe hadi moyoni, na mivule mingi mikubwa ina pango katikati, hivyo unatoboa na kukuta hewa. Kuna kipimo cha kaboni cha maabara, lakini ni cha gharama, na kwa mti wa miaka mia moja au mia mbili jibu lake huja na upana mkubwa kiasi kwamba hamtamaliza ubishi. Kupima unene wa shina pimeni, usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Pimeni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mvule wa kwenye udongo mnono karibu na maji na mvule wa kwenye changarawe huweza kupandwa siku moja na mmoja ukawa mara mbili ya mwenzake.

Umeshafika Mubende, kwenye mti wa matambiko uitwao Nakayima? Kama hujafika, panda gari la Fort Portal siku moja, ushuke uupande ule mlima. Mti wenyewe siyo mvule, ni wa aina nyingine, wenye mizizi iliyoinuka kutoka ardhini kama kuta za nyumba. Baadhi ya kuta hizo zinampita mtu kimo. Kati ya ukuta na ukuta kuna kijichumba, na kila kijichumba kina mzimu wake: hiki cha Ndahura wa Bachwezi, wale watawala wa kale wa hadithi, kile cha Mukasa, kile cha Kiwanuka. Ukiinama utakuta buni, sarafu, na majivu ya moto wa jana. Ukimwuliza mtembeza wageni mti una miaka mingapi, mmoja atakwambia mia nne, mwingine mia tano, wa tatu ataongeza. Hakuna anayekosa usingizi kwa tofauti hiyo, kwa sababu thamani ya Nakayima haimo kwenye hesabu. Imo kwenye yale majivu ya jana.

Hebu tuende pwani kidogo. Dar es Salaam kuna Mnazi Mmoja, Zanzibar kuna Mnazi Mmoja, Mombasa kuna Mwembe Tayari. Sijawahi kusikia mtu akiuliza mnazi wenyewe ulikuwa na miaka mingapi. Watu walikutana pale, wakapaita hivyo, jina likabaki.

Tuje kwa Kakungulu. Hadithi hii naipenda, na huenda ni ya kweli, ila usiibebe nzima nzima. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyevuka kuja mashariki mwaka 1899 akifanya kazi ya Waingereza. Akajenga boma Budaka, kisha akahamia Mbale, na mawakala wake wakasambaa hadi Teso. Alifariki 1928, na kaburi lake liko nje kidogo ya Mbale. Alikuwa mtu wa barabara, na barabara zake alizipandia miti kando, mivule ikiwemo. Hilo linajulikana. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mvule mkubwa kuanzia Busoga hadi Soroti umepewa yeye. Mtu angekuwa na mikono kumi asingeimaliza ile kazi.

Kwa hiyo kauulize mti wenyewe. Kuna maswali mawili ambayo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuyajibu asubuhi moja.

La kwanza ni umbo. Simama mbali, utazame matawi yanaanzia wapi. Mvule uliopandwa mahali peupe, kando ya barabara, haukuwa na sababu ya kukimbilia juu. Ulitanua mikono mapema, na matawi yake mazito huanzia chini. Mvule uliozaliwa msituni ulibanwa na wenzake ukatafuta jua, kwa hiyo shina lake hupanda limenyooka, safi bila tawi, hadi juu sana ndipo kichwa kifunguke. Kama wenu ni wa namna hii ya pili, basi Kakungulu hakuupanda. Ulikuwapo kabla yake, ni baki la msitu, na mji ndio ulioufuata. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko ya Kakungulu, ingawa najua wazee hawatafurahi.

La pili ni mstari. Miti ya barabara haipandwi mmoja. Tafuta wenzake: mvule mwingine kwenye uwanja wa shule, kisiki kilichofukiwa nyuma ya duka, kona ambayo watu wanasema "hapa palikuwa na mwingine, ulikatwa mbao." Chora ramani ya mkono. Vikikaa kwenye mstari, na mstari ukaelekea barabara ya zamani, una ushahidi ambao mtu wa mipango miji atauheshimu. Idara ya upimaji na ramani pale Entebbe ina picha za angani za miaka ya 1950. Mvule mkubwa huonekana kwenye picha hizo kama doa jeusi lenye kivuli. Kuiona miti yenu imepangana katika picha ya kabla ya Uhuru ni jambo ambalo halihitaji hotuba.

Sasa kazi yenyewe. Wanaoshughulika na urithi hupima mahali kwa thamani za aina kadhaa: uzuri, historia, elimu ya sayansi, maana yake kwa jamii na kwa imani. Sitaki uandike ripoti yenye vichwa vitano vya namna hiyo, maana nimezisoma nyingi na zote hufanana. Andika watu wamefanya nini chini ya mti ule. Mataifa ya Uganda yana mazoea marefu ya kufanya mambo mazito mtini. Wakaramoja wana akiriket, baraza la wazee chini ya miti yao ya heshima, ambako hata nafasi ya kukaa hufuata rika. Waacholi hupatana baada ya damu kumwagika kwa kunywa pamoja maji machungu ya mzizi wa mti wa oput, na ndiyo maana desturi inaitwa mato oput. Waganda wana mutuba, mti unaovuliwa gome na kufanywa nguo, kazi ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mji wenu una mambo yake. Hamjayaandika tu.

Usianze na wazee wenye tai. Anza na mama anayekaanga chapati kivulini. Mwambie: "Mama, ulianza lini kuuza hapa? Kabla yako alikuwa nani? Kwa nini upande huu wa mti na siyo ule?" Swali la tatu ndilo lenye utamu. Atakwambia jua la saa nane linapiga wapi, matone ya mvua yanachelewa wapi, popo wanadondosha wapi. Huyo anaujua mti kuliko mimi. Kisha nenda kwa watu wa boda, kwa fundi viatu, kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Uliza kama kura za kupanga mstari za mwaka 2018 zilipigwa pale, na mstari ulianzia kwenye mzizi gani. Uliza nani alilala pale mwaka 2003, waasi wa LRA walipoingia Teso na vijiji vikakimbilia mijini. Hilo uliza kwa upole, peke yenu, na kama mtu hataki kusema, mwache. Uliza jina la mahali kwa Kiteso au kwa lugha ya pale, maana jina la kienyeji mara nyingi limeshika jambo ambalo Kiingereza cha kibao cha bustani hakikulijua. Andika jina la msemaji kama ameruhusu, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema. Watu kumi na watano wanatosha. Ukifika kwenye kikao na kurasa kumi za namna hiyo, hakuna wa kukuuliza "umejuaje," kwa sababu waliosema wamekaa mlangoni.

Sheria nitaipitia haraka, maana haina mengi ya kukupa wiki hii. Iko Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Idara husika imo katika Wizara ya Utalii, na mahali pa kuiandikia ni Makumbusho ya Uganda pale Kitante Kampala. Iko pia sheria ya misitu na upandaji miti ya 2003, inayompa waziri uwezo wa kutangaza miti fulani kuwa ya kulindwa. Njia zote mbili ni za polepole. Iliyo karibu nanyi ni baraza lenu wenyewe: serikali za mitaa za Uganda zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Azimio la ukurasa mmoja linaloutaja mti huo, mahali ulipo, na mduara wa ardhi usioguswa, hupita katika kikao kimoja kama mkijipanga. Na kama mnataka mfano wa kuwapa moyo madiwani, Nairobi mwaka 2020 barabara kubwa ya juu ilipokuwa inajengwa, mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way ulipangwa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, serikali ikatoa tamko la kuuokoa, barabara ikajengwa na mti ukabaki.

Turudi kwenye pevingi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nina deni.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye cheti kipya, niliitwa na mji mmoja, jina nitaliacha, kutoa ushauri juu ya mkuyu mkubwa wa sokoni. Walitaka kuuheshimu. Walikuwa na nia njema kabisa. Wakajenga ukuta wa duara kiasi cha magoti, wakajaza udongo mwekundu ndani hadi shingo ya shina ikafunikwa, wakapanda maua, nje ya ukuta wakamwaga zege. Nikaangalia, nikaona kunapendeza, nikatia sahihi. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Wa pili majani yakawa madogo. Wa tatu vidole vya juu kabisa vya matawi vikakauka, na sisi tukasema ni kiangazi. Wa tano walileta msumeno. Siku ile nilichimba kwa mkono chini ya ule udongo tuliouleta, nikakuta gome la shina limelainika kama muhogo uliovundikwa. Tuliuzika mti ukiwa hai, kisha tukauwekea maua.

Watu hudhani mizizi ya mti ni kama mti mwingine uliogeuzwa kichwa chini, umezama futi nyingi. Sivyo. Wingi wa mizizi midogo inayonyonya maji na chakula imo katika nusu mita ya juu ya udongo, na imetambaa kwenda nje kuliko kivuli cha matawi. Mizizi hiyo inapumua. Pevingi hazilali juu ya udongo hivi hivi: fundi huchimba kwanza, hapo mizizi inakatwa, kisha hushindilia kwa mashine, hapo hewa inatolewa, ndipo akapanga. Stendi ya boda hufanya kazi ileile polepole, na huongeza oili. Mti hausemi chochote kwa miaka mitatu minne, na kufikia hapo aliyepewa tenda ameshalipwa.

Wapeni picha mbadala, maana kikao hakipendi kuambiwa "hapana" tupu. Mduara wa ardhi wazi, upana wake angalau uishie pale kivuli cha saa sita kinapoishia. Ndani yake tandazeni majani makavu au vipande vya mbao, msirundike kwenye shina. Mabenchi yawe ya mbao, yasimame kwa miguu, yaweze kuhamishwa. Kama lazima watu wapite, daraja jepesi la mbao juu ya ardhi, au njia ya kokoto isiyoshindiliwa. Boda wahamie upande wa barabara. Watakataa, kisha watagundua abiria wako huko huko. Na mwondoe misumari ya mabango ya kampeni. Nimewahi kuhesabu mingi kwenye shina moja mpaka nikachoka.

Kuhusu hofu ya kuanguka, msiwadharau wanaoisema. Mti mkubwa katikati ya watu ni jukumu. Lakini uzee na pango siyo hukumu. Bomba lina uwazi katikati na bado linasimama. Vya kutazama ni hivi: uyoga mgumu unaoota kama rafu kwenye shina au kwenye mizizi, ufa mpya kwenye panda la matawi, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja baada ya upepo, na mwinamo ambao mwaka jana haukuwapo. Kimoja kikionekana, itisheni mtu wa misitu wa wilaya aje mapema. Matawi makavu yakatwe na mpandaji anayejua, mojamoja. Atakayependekeza kukata kichwa chote "ili upunguze uzito" mshukuruni mumrudishe kwao, maana machipukizi yatakayoota pale hushika kijuujuu, na hayo ndiyo yatakayoangukia watu.

Tena fanyeni uangalifu na huruma ya ghafla ya wenye misumeno. Mvule una bei. Mtu akija kuwaambia kwa uchungu mwingi kwamba mti ni hatari, mwulizeni mbao zitakwenda wapi. (Ajichunge na msumeno wake pia: mvule huweka mawe ndani ya mwili, madonge ya chokaa yaliyojificha kwenye ubao, na msumeno ukikutana nayo meno yanakwisha.)

Liko jambo moja ambalo hukuuliza. Mti utakufa siku moja, hata mkifanya yote. Ule msufi mkubwa wa Freetown, Sierra Leone, alama ya mji tangu watumwa walioachwa huru walipofika pale mwaka 1792, uliangushwa na dhoruba Mei 2023 kwa usiku mmoja. Ujiji, mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871 haupo, lakini ipo miembe iliyotokana nao, na wageni bado wanakwenda kupiga picha. Anzeni sasa kuotesha watoto wa mvule wenu.

Hapa mvule una vituko vyake. Kuna mvule dume na mvule jike, kila mmoja mti wake. Wenu ukiwa jike, utazaa vitunda vya kijani vinavyofanana na kiwavi mnene, na popo watawaambia kabla hamjaviona. Ndio wanaozisambaza mbegu zake usiku. Ukiwa dume, mbegu tafuteni kwa wenzake wa mstari ule niliousema, au jaribuni vipande vya matawi machanga. Miche mtakayoipata msiipange yote pamoja kwenye kitalu kimoja au shamba moja. Kuna kidudu kidogo kinachoutega mvule mchanga, hutaga kwenye machipukizi, yakavimba vinundu na kuoza. Mivule mingi pamoja ni karamu kwake. Changanyeni na miti mingine, chini ya kivuli chepesi, na mgawe: mche mmoja shuleni, mmoja kanisani, mmoja msikitini, mmoja kwa yule mama wa chapati.

Nitumie picha tatu kabla ya kikao: moja ya mti mzima kutoka mbali na mtu amesimama karibu na shina ili nijue kimo, moja ya shingo ya shina pale inapoingia ardhini, na moja ya juu, ukiwa umelala chali chini yake saa sita mchana. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoniambia kama vidole vya juu vimeanza kukauka.